Kupunguza uzito katikati ya malezi na kazi: jinsi mzazi anavyoweza kulinda ari yake

Kila mwanzo wa mwaka, na tena kila baada ya kipimo cha shinikizo la damu kilichoshtua, wazazi wengi nchini hujiwekea ahadi ya kupunguza uzito. Wiki mbili za kwanza mambo huenda vizuri: sukari inapunguzwa, viatu vya mazoezi vinanunuliwa, na mizani inaonesha kilo mbili au tatu zimeondoka. Ufikapo mwezi wa pili, ahadi ile huwa imefunikwa na ratiba ya shule, foleni za asubuhi, zamu za kazi, mtoto mwenye homa na vikao vya harusi. Mzazi hujihesabu kuwa mtu asiye na msimamo, na mara nyingi huacha kabisa hadi kipimo kingine kimshtue.

Wataalamu wa afya na wa saikolojia ya tabia wanaliona jambo hili kwa jicho tofauti. Ari ya kupunguza uzito hupanda na kushuka kwa kila binadamu, na ziko sababu za kimwili na za kijamii zinazoifanya ishuke wakati unaotabirika. Mzazi anayezifahamu sababu hizo mapema anaweza kupanga siku yake kwa namna ambayo safari haisimami pale ari inapopungua. Makala haya yanaeleza sababu hizo, na hatua ambazo familia yenye muda mfupi na kipato cha kawaida inaweza kuzichukua.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 duniani walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na kiribatumbo, yaani unene uliopindukia. Tanzania haiko nje ya mkondo huo. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, ikilinganishwa na asilimia 22 katika utafiti wa mwaka 2010. Utafiti wa kitaifa wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulibaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari.

Umri huo ndio umri wa malezi. Mtu anayepata kiharusi akiwa na miaka 45 huwa na watoto shuleni, wazazi wazee kijijini na mkopo ambao haujakwisha. Ugonjwa wake haumwangukii yeye peke yake: ada inasitishwa, kiwanja kinauzwa ili kulipia matibabu, na mara nyingi binti mkubwa ndiye anayebaki nyumbani kumuuguza. Kwa sababu hiyo suala la uzito wa mzazi linahusu uhai na uchumi wa kaya nzima, mbali na mwonekano wake mbele ya kioo.

Kipimo kinachotumika zaidi ni uwiano wa uzito na urefu, unaopatikana kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo na kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Jibu la 25 hadi chini ya 30 huashiria uzito uliozidi, na 30 au zaidi huashiria kiribatumbo. Mama mwenye kilo 84 na urefu wa mita 1.60, kwa mfano, ana uwiano wa takriban 32.8. Mzunguko wa kiuno nao hutoa taarifa muhimu, kwa sababu mafuta yanayojikusanya tumboni yana madhara makubwa zaidi kwa moyo na kongosho. Hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na sentimita 94 kwa mwanamume.

Kwa nini ari hupungua

Sababu ya kwanza imo ndani ya mwili wenyewe. Mtu anapoanza kula kidogo, mwili hutumia kwanza akiba ya wanga inayohifadhiwa kwenye ini na misuli, inayoitwa glaikojeni. Kila gramu moja ya akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na gramu takriban tatu za maji. Akiba inapotumika, maji nayo hutoka, na ndiyo maana mizani hushuka haraka katika wiki ya kwanza. Baada ya hapo kinachoanza kupungua ni mafuta, ambayo huondoka polepole. Mzazi asiyelijua hilo hudhani kwamba juhudi zake zimeacha kufanya kazi, ilhali kazi yenyewe ndiyo kwanza imeanza.

Sababu ya pili ni kwamba mwili hujihami. Uzito unaposhuka, mwili huanza kutumia nishati kidogo zaidi kuliko awali, na homoni zinazochochea njaa huongezeka wakati zile zinazoleta hali ya kushiba hupungua. Utafiti uliofanyika nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionesha kuwa mabadiliko hayo ya homoni yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya washiriki kupunguza uzito. Kwa hiyo njaa inayomwandama mtu katika mwezi wa tatu ina chanzo halisi ndani ya mwili, na haithibitishi kuwa tabia yake ni dhaifu.

Sababu ya tatu ni usingizi, na hapa wazazi wanabeba mzigo mkubwa kuliko watu wengine. Mama anayenyonyesha usiku, au baba anayeondoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri ili afike kazini Posta kwa wakati, hulala saa chache. Majaribio yaliyofanywa kwa vijana wenye afya njema yameonesha kuwa usiku michache tu ya kulala saa nne inatosha kupandisha homoni ya njaa iitwayo ghrelini na kushusha ile ya shibe iitwayo leptini, huku hamu ya vyakula vitamu na vyenye wanga mwingi ikiongezeka. Andazi la pili la saa nne asubuhi mara nyingi huwa ni deni la usingizi wa usiku uliopita.

Sababu ya nne ni jamii inayomzunguka mzazi. Katika maeneo mengi nchini, mwili mnene umekuwa alama ya neema. Kitambi cha baba husomwa kama ushahidi wa kipato, na wembamba wa mke huchukuliwa kuwa hatunzwi. Tangu miaka ya 1980 na 1990, wakati UKIMWI ulipoteketeza watu wengi kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa wingi, kukonda pia kumebeba hofu na unyanyapaa. Mama aliyepunguza kilo sita kwa jitihada zake anaweza kukutana na maswali msibani au kanisani: anaumwa nini, kuna matatizo gani nyumbani? Mtu aliyetarajia kupongezwa na badala yake akapewa pole huvunjika moyo haraka. Ni vema mzazi akajiandaa kwa maneno hayo mapema na kuwa na jibu fupi, kwa mfano kwamba daktari amemshauri kulinda moyo wake, kisha akaendelea na mazungumzo mengine.

Sababu iliyo ya mtu mwenyewe

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani wametumia miongo kadhaa kuchunguza chanzo cha ari ya binadamu. Hitimisho lao kuu ni kwamba tabia inayoanzishwa na msukumo wa nje, kama vile aibu, kejeli au zawadi, hudumu muda mfupi, na ile inayotokana na jambo ambalo mtu mwenyewe analithamini huishi muda mrefu zaidi. Mtu anayepunguza uzito kwa sababu ya harusi ya mdogo wake huwa na sababu hadi siku ya harusi. Anayetaka kupanda ngazi za ghorofa ya tatu bila kuhema, kucheza mpira na watoto wake, au kuepuka kisukari kilichomkata mguu mjomba wake, ana sababu isiyokwisha tarehe fulani.

Mzazi anashauriwa kuiandika sababu hiyo kwa sentensi moja na kuiweka mahali anapoiona kila siku. Ni muhimu pia sababu hiyo iwe yake kweli. Mume anayemkejeli mkewe kwa unene, au mke anayemsimanga mumewe kwa kitambi, hupunguza uwezekano wa mwenzake kufanikiwa, hata pale nia inapokuwa njema.

Lengo linalofikika

Wengi hukata tamaa kwa sababu wamejiwekea lengo la kurudi kwenye uzito waliokuwa nao kabla ya kuoa au kuolewa. Sayansi inatoa habari njema zaidi. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wa awali huboresha shinikizo la damu, kiwango cha sukari na mafuta katika damu. Kwa mama wa kilo 84 aliyetajwa hapo juu, asilimia 5 ni kilo 4.2. Akifikia kilo 79.8, uwiano wake utakuwa takriban 31.2, yaani bado yuko katika kundi la kiribatumbo kwa mujibu wa jedwali, lakini moyo na kongosho lake tayari vinafanya kazi katika mazingira bora.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulitoka Marekani mwaka 2002. Utafiti uliohusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya pili uliwapa baadhi yao lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo, matukio mapya ya kisukari yalipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa. Waliotumia dawa ya metformini walipata punguzo la asilimia 31. Mabadiliko ya kawaida ya maisha yaliwakinga watu kuliko kidonge.

Kasi inayopendekezwa na wataalamu wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kwa mtu mwenye majukumu mengi hata pungufu ya hapo ni maendeleo.

Kupanga kabla ya uchovu kufika

Uamuzi mgumu hufanywa vibaya zaidi mtu anapokuwa amechoka, na mzazi huchoka kila jioni. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala aliyoichapisha mwaka 1999, alieleza mbinu rahisi ya kuondoa uamuzi huo jioni: kupanga mapema kwa muundo wa “ikitokea hivi, nitafanya hivi”. Badala ya kuahidi kwamba atafanya mazoezi zaidi, mzazi hupanga kwamba daladala ikifika kituo kimoja kabla ya chake, atashuka na kutembea. Akialikwa sherehe, atakunywa maji kwanza na kujaza nusu ya sahani kwa kachumbari na mboga kabla ya kuchukua pilau. Akikuta mtoto amebakiza chakula, atakifunika kwa ajili ya kesho badala ya kukimalizia akiwa amesimama jikoni.

Mfano huo wa mwisho una uzito wake. Akina mama wengi huonja wakati wa kupika, hula mlo wao, kisha humalizia makombo ya watoto kwa kuona uchungu wa kumwaga chakula. Kuwapakulia watoto kidogo na kuwaongeza wakihitaji huokoa chakula na pia huokoa afya ya mama.

Mazoea mapya huchukua muda kujengeka. Utafiti ulioongozwa na Phillippa Lally wa Chuo Kikuu cha London, uliowafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja mpya ya kila siku, ulikadiria kuwa tabia huanza kujiendesha yenyewe baada ya siku 66 kwa wastani, ingawa tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Utafiti huo ulionesha pia kuwa kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ataugua na ratiba itavurugika, matokeo hayo yana maana kubwa: siku iliyopotea ihesabiwe kuwa siku moja tu, na kesho yake aendelee pale alipoishia.

Chungu kimoja kwa familia nzima

Mpango unaomtaka mzazi ajipikie chakula chake cha pekee huku familia ikila kingine hauwezi kudumu, kwa sababu ya gharama na muda, na pia kwa sababu mlo wa Kitanzania huliwa kwa pamoja. Njia inayodumu ni kurekebisha chungu cha wote. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji unahimiza mlo wenye vyakula vya makundi mbalimbali: nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta kwa kiasi. Kwa familia nyingi tatizo ni uwiano wa vyakula hivyo katika sahani. Ugali au wali hujaza sehemu kubwa, na mboga huwa kitoweleo cha kusukumia. Kuugeuza uwiano huo, nusu ya sahani ikawa mchicha, matembele, kisamvu au kabichi, na robo ikawa maharage, dagaa au samaki, humfanya mtu ashibe kwa nishati kidogo zaidi. Unga wa dona, ambao haujakobolewa, una makapimlo mengi kuliko sembe na huchelewesha njaa kurudi.

Mahali pawili huleta mabadiliko makubwa bila kumwacha mtu na njaa. Pa kwanza ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kilokalori 120, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho mtu mzima hutumia kwa kutembea kwa mwendo wa wastani kwa nusu saa. Kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa huokoa nishati hiyo, na pia huokoa fedha. Pa pili ni sukari. WHO inashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na takriban gramu 50, na inaeleza kuwa manufaa ni makubwa zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vidogo vya sukari, tayari amefikia takriban gramu 36 kabla ya soda, juisi au maandazi. Kupunguza nusu kijiko kila wiki huupa ulimi nafasi ya kuzoea, na baada ya miezi miwili watoto nao huwa wameizoea chai ile.

Kwa baba ambaye hupita mahali kupata nyama choma na bia baada ya kazi, hatua ya kwanza inaweza kuwa kupunguza siku, kutoka nne kwa wiki hadi mbili, na kumaliza na maji. Pombe ina nishati nyingi, na mara nyingi huleta chipsi na nyama ya ziada ambayo mtu hakuipanga.

Mwendo ndani ya siku ya kawaida

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za shughuli za nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Jambo lililobadilika katika mwongozo huo ni kuondolewa kwa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifikie dakika kumi. Sasa kila mwendo unahesabiwa. Kwa mzazi asiye na saa nzima ya kwenda kwenye ukumbi wa mazoezi, mabadiliko hayo yanafungua mlango: dakika nane za kutembea hadi kituoni, ngazi badala ya lifti, kuruka kamba na watoto uani, kuteka maji, kulima bustani na kufagia kwa nguvu vyote vinaingia katika hesabu.

Mazoezi ya misuli hayahitaji vifaa. Kuchuchumaa na kusimama mara kumi na tano, kujiinua kwa mikono ukutani, na kubeba ndoo kwa mgongo ulionyooka hutosha kwa mwanzo. Watoto hupenda kuhesabu na kushindana na wazazi wao, na kwa njia hiyo mazoezi huwa sehemu ya malezi badala ya kuwa muda ulioibwa kutoka kwa familia.

Serikali nayo imeweka mazingira ya kuhimiza mwendo huu. Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuhimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa shughuli hiyo. Tangu wakati huo vikundi vya mbio za pole vimeongezeka katika miji mingi. Kujiunga na kikundi cha mtaani kuna faida inayozidi mazoezi yenyewe, kwa kuwa mtu anayesubiriwa na wenzake saa kumi na mbili asubuhi huamka hata siku ambayo ari yake iko chini.

Kupima zaidi ya kilo

Mizani ni chombo cha manufaa, lakini hubadilika kwa kilo moja au mbili ndani ya siku kwa sababu ya maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni na, kwa wanawake, mzunguko wa hedhi. Inatosha kupima uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Takwimu za rejesta ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994 kuwafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi zinaonesha kuwa wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki, hula kifungua kinywa na hufanya mazoezi takriban saa moja kwa siku.

Mzazi aandike pia mambo ambayo mizani haiyaoni: mzunguko wa kiuno kila mwezi, kipimo cha shinikizo la damu, tundu la mkanda, idadi ya ngazi anazopanda bila kupumzika, na ubora wa usingizi. Katika wiki ambazo kilo hazisogei, moja ya vipimo hivyo mara nyingi husogea, na ndicho kinachobeba ari hadi kilo zianze kushuka tena.

Lugha inayotumika nyumbani nayo inahitaji uangalifu. Watoto, hasa mabinti wanaokaribia kubalehe, husikia kila neno ambalo mzazi analisema kuhusu mwili wake. Ni bora wasikie kwamba mama anatembea ili awe na nguvu, kuliko wasikie kila siku kwamba anauchukia mwili wake.

Mama aliyejifungua

Kundi moja linahitaji tahadhari ya pekee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, pamoja na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha anaporudi kazini. Kipindi hicho kimewekwa kwa ajili ya kupona na kumlisha mtoto, ambaye anashauriwa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida, na kujinyima katika miezi hiyo kunaweza kumdhoofisha. Anachoweza kufanya ni kula mlo kamili, kupunguza vinywaji vyenye sukari, na kuanza kutembea taratibu baada ya kupata ushauri wa mtoa huduma, hasa kama alijifungua kwa upasuaji. Uji, supu na mtori anavyopikiwa na mama au shangazi ni utunzaji wa thamani. Kinachoweza kupunguzwa humo ni sukari na mafuta.

Njia za mkato

Pale ari inapofifia, matangazo ya chai, vidonge na mikanda ya “kuyeyusha mafuta kwa siku saba” huvutia zaidi. Baadhi ya bidhaa hizo huharisha, hivyo kupunguza maji na kuacha mafuta yakiwa palepale, na nyingine huweza kuwa na viambata visivyotajwa kwenye kasha. Dawa yoyote inayouzwa nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mwananchi ana haki ya kumuuliza muuzaji kuhusu usajili huo. Zipo dawa halali za kutibu kiribatumbo, lakini matumizi yake yanahitaji uchunguzi na usimamizi wa daktari.

Mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetumia dawa asianze kupunguza chakula kwa kiwango kikubwa bila kumwona daktari, kwa kuwa dozi yake inaweza kuhitaji kupunguzwa kadiri uzito unavyoshuka. Aidha, mtu anayepungua uzito bila kukusudia, au anayesikia maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, awahi kituo cha kutolea huduma za afya.

Nafasi ya mwenza na mwajiri

Hakuna mpango unaodumu iwapo mzazi mmoja anabeba kila kitu. Baba anayewaandaa watoto kwa shule siku tatu kwa wiki humpa mama nusu saa ya kutembea. Mama anayekubali kupika bila kukaanga humwondolea baba kishawishi. Kijana wa miaka 12 anaweza kumenya matunda na kuosha vyombo wakati wazazi wanazunguka mtaa. Mwajiri naye anaweza kuweka maji ya kunywa na matunda kwenye vikao badala ya soda na sambusa, hatua isiyohitaji bajeti mpya.

Wananchi wanaohitaji msaada wanaweza kuanzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kwa ajili ya kupimwa uzito, urefu, shinikizo la damu na sukari, na kuelekezwa kwa Afisa Lishe wa halmashauri. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, hutoa elimu na miongozo kwa ajili ya jamii na watoa huduma.

Mzazi anayeanza leo hahitaji kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Anaweza kuchagua jambo moja la chakula na jambo moja la mwendo, ayafanye kwa wiki nne, kisha aongeze jingine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kwa mzazi mwenye siku fupi, haba hiyo inaweza kuwa kijiko kimoja cha mafuta kilichobaki kwenye chupa na kituo kimoja cha daladala alichokitembea kwa miguu.